Bei Juu ya Bati

Mstari niliuchora mimi, kwa penseli ngumu,
kutoka ukingo wa El Alto hadi bondeni La Paz,
na ulikuwa mstari mzuri. Bado nausifia.
Haukuvunja nyumba hata moja,
ulipita juu ya watu kama mgeni mwenye adabu
anayeinua vazi asiburure mikeka.

Dakika arobaini zikawa kumi:
hilo liliandikwa ukurasa wa kwanza.
Ukurasa wa tisini na mbili, kwa herufi za sisimizi,
palikuwa na kona namba 14-B,
"shughuli ndogondogo, zitajirekebisha zenyewe."
Sentensi hiyo pia ni yangu.

Shughuli ndogondogo jina lake Eulogia Huallpa.
Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kupasua midomo,
anakoroga api, uji wa mahindi ya zambarau,
mdalasini, karafuu, ganda la chungwa,
na kando yake, ndani ya mafuta,
andazi la jibini linavimba kama shavu la mpiga tarumbeta.
Hapo mabasi yaligeuzia.
Limber, utingo, aliita mitaa yote kwa pumzi moja,
na foleni, kwa kuwa ilikuwa ndefu, ilikuwa na njaa.
Hatukulipima hilo:
kuchelewa kwa huyu ni mkate wa yule.

Kisha nyaya zikatandazwa, vibanda vya kioo vikaelea,
bila moshi, bila honi, watu kumi kumi,
umeme ukivuta kamba kama atekaye maji kisimani.
Nilipima hewa kwa mashine.
Eulogia aliipima kwa shuka:
aliianika nyeupe, akaianua nyeupe.
"Hili siwezi kulikana," aliniambia.
"Kikohozi cha mjukuu kimepungua.
Na vikombe vimepungua, toka mia na ishirini hadi kumi na tisa.
Sasa nikushukuru au nikudai?"

Limber aliondoka na mfuko mmoja.
Wengine wanasema yuko Cochabamba, wengine migodini.
Mstari wangu haufiki huko.

Aliye juu mngoje chini, wahenga walisema,
na Eulogia alingoja, mwezi, miezi mitatu,
akitazama tumbo la kila kibanda
akijua ndani yake mna matumbo matupu.
Hawakushuka. Walio juu siku hizi wana kituo chao,
na kituo kina duka la kahawa, mlango wa kioo,
na kodi ambayo sufuria haiwezi kuipanda.

Ni Yhoselin, mjukuu, wa darasa la tano,
aliyepanda siku moja akarudi na habari:
"Bibi, kule juu hawatazami mlima.
Wanatazama mapaa. Wanajua nani ana mbwa,
nani hajafua, nani kaficha baiskeli ya jirani."

Jumapili bibi alishika ngazi, mtoto akashika brashi,
wakapaka rangi iliyobaki ya dirisha,
kila herufi urefu wa kitanda:
API MOTO NA ANDAZI, BOLIVIANO NANE.
SHUKA KITUO CHA PILI, PINDA KWENYE MBWA.

Kufikia Pasaka paa la kinyozi lilikuwa na mkasi,
la fundi viatu lilikuwa na kiatu, kidole kimetokeza.
Mmoja aliandika tu: ROSENDO, LIPA.

Leo mezani kwangu umefika waraka.
Matangazo ya mapaa hayamo katika mpango;
yatozwe ushuru au yapakwe kijivu.
Inasubiriwa sahihi yangu.
Nimeukunja, nimeshuka kituo cha pili,
nimepinda kwenye mbwa (ananijua, habweki).
Vikombe sitini na saba tangu asubuhi. Si mia na ishirini.

Namuuliza Eulogia, ingekuwa yeye, angechoraje.
Anaugeuza waraka upande mweupe,
anachovya kidole kwenye kikombe changu,
anachora kona. Anachora foleni. Sufuria.
Kisha, mwisho kabisa, mstari,
na mstari wake unapinda.